Valentaini ni nani hata apewe waridi Ngamiani?

Shangazi yangu hutunga asmini barazani kwake, Ngamiani, mjini Tanga, kuanzia alasiri. Huletewa maua yangali yamefumba, meupe kama punje za wali, kwa kuwa asmini haifunguki juani, hungoja giza. Vyombo vyake ni sindano moja, uzi mweupe na sinia la bati lililopinda ukingo. Anatunga mashada, anafunga vikuba, vile vishada vidogo vya kuchomeka kifuani, kwa mrehani na kilua akivipata, na magharibi ikiingia baraza zima linanukia, wateja wanafuata pua.

Mwezi wa pili tulikuwa tumekaa hapo alipopita kijana na ndoo ya mawaridi mekundu ya plastiki, kila moja limeviringishwa kwenye nailoni inayong'aa. "Valentaini hiyo, mama! Elfu mbili tu." Shangazi alilichukua moja, akalinusa, akalirudisha ndooni. "Halina harufu." Kisha akanigeukia mimi. "Na huyo Valentaini mwenyewe, baba, ni nani? Kafanya lipi hata watu wanunuliane plastiki kwa ajili yake?"

Nilimjibu ile hadithi inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila ifikapo tarehe 10 Februari: padri wa Roma, mfalme aliyekataza askari kuoa, ndoa za siri, jela, binti wa mlinzi wa jela, na barua ya mwisho iliyotiwa sahihi "Valentaini wako". Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Nani kaiandika?" Sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipoanza kuchimba, na nilichokikuta ni uzi uliofungamana: padri, mbuzi na ndege, vitu vitatu ambavyo mwanzo havikuwa na udugu wowote.

Tuanze na padri. Jina Valentinus linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtu mwenye nguvu, na katika Roma ya kale lilikuwa jina la kawaida tu, kama Bakari au Hamisi kwetu. Ndiyo maana orodha za zamani za mashahidi wa Kikristo, yaani waliouawa kwa ajili ya imani yao, zina Valentinus zaidi ya mmoja siku hiyo hiyo ya 14 Februari. Mmoja alikuwa padri wa Roma. Wa pili alikuwa askofu wa Terni, mji ulio kaskazini ya Roma. Wote wawili wanatajwa kuwa waliuawa katika karne ya 3 na kuzikwa kando ya barabara ya Via Flaminia, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba huenda ni mtu mmoja aliyesimuliwa na miji miwili, kila mji ukivutia kwake. Yupo na wa tatu, aliyeuawa Afrika pamoja na wenzake, ambaye kumbukumbu zimemwachia mstari mmoja na basi. Shangazi alimpenda huyu wa tatu kuliko wote.

Hata mifupa imegawanyika. Terni wana kanisa lao na masalia yao. Roma, katika kanisa la Santa Maria in Cosmedin, kuna fuvu lililovikwa taji la maua linaloonyeshwa kuwa ni lake. Dublin, kanisa la Wakarmeli linatunza kasha la masalia ambayo Papa Gregori wa 16 aliyatoa zawadi miaka ya 1830.

Na ile hadithi ya binti? Maandishi ya kale kuhusu padri wa Roma, yaliyoandikwa miaka mia kadhaa baada ya kifo chake, yana binti kweli, ila si yule tunayemjua. Yanasema Valentinus alikamatwa zama za Mfalme Klaudio, akawekwa chini ya ulinzi nyumbani kwa mtu aitwaye Asterio, ambaye alikuwa na binti kipofu. Akamwombea, macho yakafunguka, nyumba nzima ikabatizwa, na baadaye padri akakatwa kichwa. Ni hadithi ya muujiza na imani. Hamna mchumba ndani yake, hamna barua, hamna askari aliyefungishwa ndoa usiku. Klaudio wa Pili alitawala tangu 268 hadi 270, muda wake mwingi akipigana na Wagothi mpaka tauni ikamchukua, na hakuna amri yake ya kuzuia ndoa inayojulikana. Ndoa za siri ziliingizwa karne nyingi baadaye. Sahihi ya "Valentaini wako" ni ya juzi zaidi, imepachikwa watu walipokwisha kuzoea kadi.

Kabla ya hapo mtakatifu huyu alikuwa na kazi nyingine kabisa. Katika nchi za Wajerumani watu walimwomba juu ya kifafa. Kwingine alikuwa msimamizi wa wafuga nyuki. Mapenzi hayakuwa idara yake.

Kanisa Katoliki lenyewe lilitambua jinsi habari zake zilivyo chache. Mwaka 1969, kalenda ilipopangwa upya, sikukuu yake iliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima, kwa sababu kilichojulikana kwa uhakika hakikuzidi jina na mahali pa kuzikwa. Hakufutwa utakatifu, kama wengine wanavyovumisha; jina lake bado limo katika orodha ya mashahidi. Ila anayekwenda misa tarehe 14 Februari atasikia wakikumbukwa Kirili na Metodi, ndugu wawili waliowahubiria Waslavi. Na mwaka 2018, kisha tena 2024, siku hiyo iliangukia Jumatano ya Majivu, Mkatoliki akaamka na mfungo mkono mmoja na chokoleti mkono wa pili. Mimi nilicheka, jirani yangu, ambaye alikuwa ameshalipia keki, hakucheka.

Sasa mbuzi. Hawa ndio wanaotajwa na wale wanaotaka kutuonyesha kwamba sikukuu hii ni ibada ya mashetani iliyovalishwa kanzu. Warumi walikuwa na sherehe iitwayo Luperkalia, tarehe 15 Februari. Walichinja mbuzi na mbwa, wakachana ngozi ya mbuzi vipande, na vijana wa kiume, miili karibu wazi, wakakimbia kuuzunguka mtaa wa kilima cha Palatino wakiwachapa watu kwa vipande vile. Wanawake walijisogeza wachapwe, kwa imani kwamba ingewaletea uzazi. Ilikuwa katika sherehe hiyo, mwaka 44 kabla ya Kristo, ambapo Marko Antonio alimtolea Julius Kaisari taji mbele ya umati, naye akalikataa. Mwezi mmoja baadaye akauawa.

Tarehe zinakaribiana, hilo kweli. Na Papa Gelasio wa Kwanza, mwishoni mwa karne ya 5, aliandika barua kali kuwasuta Wakristo wa Roma waliokuwa wangali wakiishabikia Luperkalia. Lakini katika barua hiyo hasemi kwamba anaweka Valentaini mahali pake. Ile habari kwamba vijana wa Kirumi walichota majina ya wasichana kwenye mtungi siku ya Luperkalia haimo katika maandishi ya Warumi; ilizuka kwa waandishi wa Uingereza wa karne ya 18, waliouona mchezo wa kuchota majina nyumbani kwao wakadhani lazima umetoka Roma. Sherehe ya kuchapa viboko vya ngozi na desturi ya kupeana maua zimetenganishwa na karibu miaka 900 ya kimya. Mtu akikuambia moja imezaa nyingine, muulize mimba hiyo ilibebwa na nani muda wote huo.

Nasema hivi si kwa kuwajibu masheikh wanaokataza, maana wao hawawahitaji mbuzi wa Roma. Hoja zao za msingi ni mipaka baina ya mwanamume na mwanamke wasiooana, na kutoiga sikukuu za dini nyingine. Hizo zinasimama au kuanguka kwa dalili za dini, Luperkalia iwepo isiwepo. Ninaowaona wanapoteza wino ni wale wa mtandaoni, wa pande zote mbili. Huyu anatetea sikukuu kwa jina la padri aliyefungisha ndoa, yule anaiponda kwa mbuzi waliochinjwa, na wote wanapigania hadithi zilizotungwa baadaye.

Basi mapenzi yaliingiaje? Yaliingia kwa shairi, na walioyabeba ni ndege.

Mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer, katika miaka ya 1380 hivi, alitunga shairi refu kuhusu baraza la ndege. Katika ndoto yake, ndege wote wamekusanyika mbele ya Maumbile, aliyepewa sura ya malkia, siku ya Mtakatifu Valentaini, kila mmoja aje amchague mwenzake wa mwaka. Hakuna maandishi ya zamani zaidi ya zama hizo yanayoifunga siku hiyo na mapenzi. Washairi wengine wa wakati wake, Waingereza na Wafaransa, nao wanataja jambo hilo hilo, kwa hiyo nani alimtangulia nani ni ubishi wa wataalamu. Ila kabla yao, kimya.

Kwa nini ndege, katikati ya baridi kali ya Ulaya? Kalenda ya wakati ule ilikuwa imechelewa siku kama 8 ukiilinganisha na ya leo, kwa hiyo 14 Februari yao ni kama 22 Februari yetu, na mwishoni mwa mwezi huo baadhi ya ndege wa Uingereza huanza kuimba na kutafuta wenza. Wengine wamependekeza kwamba Chaucer alikuwa na Valentaini mwingine akilini, wa Genoa, ambaye sikukuu yake ni mwanzoni mwa Mei, wakati wa maua. Shairi lenyewe linahusishwa na uchumba wa Mfalme Richard wa Pili na Anne wa Bohemia, waliooana mwaka 1382. Februari na Mei, zote mbili zina watetezi wake.

Shangazi hakujali kalenda. Alichotaka ni kisa cha ndege, na kisa chenyewe kingeweza kutokea Makorora, hapa hapa Tanga. Mbele ya Maumbile yupo tai jike, mzuri kupita kiasi, anakaa mkononi mwa Malkia. Wanajitokeza madume watatu wa tai, kila mmoja na posa yake. Wa kwanza, mwenye hadhi kuliko wote, anasema atamtumikia mpaka afe. Wa pili anasema yeye kampenda kwa muda mrefu zaidi. Wa tatu anasema muda si hoja, hoja ni ukweli wa moyo. Wanajieleza kutwa nzima. Ndege wengine njaa inawauma, wanataka kuchagua wenza wao waende zao, wanaanza kupiga kelele. Bata bukini anatoa rai yake: kama hakupendi, mpende mwingine. Ndege wa kiungwana wanamcheka kwa ushamba wake. Njiwa anaona aibu kwa niaba yake, anasema anayependa hubaki na mapenzi yake hata akikataliwa.

Mwisho Maumbile anamwambia tai jike achague mwenyewe. Naye anaomba jambo moja: apewe mwaka mzima wa kufikiri. Anapewa. Ndege wengine wanachagua wenza, wanaimba, wanaruka. Tai anabaki bila mume.

Shangazi aliacha kutunga. "Kwa hiyo hakuolewa?"

Hakuolewa. Shairi hili, miongoni mwa ya kwanza kabisa ya Valentaini tuliyo nayo, linaisha kwa binti kusema ngojeni kwanza. Kwa wale vijana wanaodhani siku hiyo ni ya kujibiwa "ndiyo" saa hiyo hiyo, basi sasa wanaye bibi yao wa asili.

Kutoka shairini, ndege wakashuka mpaka kwenye nyumba za watu. Mwaka 1477, katika mkoa wa Norfolk, Uingereza, kulikuwa na binti aitwaye Margery Brews aliyekuwa akiposwa na John Paston. Mambo yalikwama kwenye mali. Kwao ilikuwa kinyume na kwetu: baba wa binti ndiye aliyetoa mali kumpa mwoaji, na baba wa Margery alisema kiwango alichotaja ndicho hicho, hapandi. Hapo mama yake binti akaingilia kati. Alimwandikia John kumkaribisha nyumbani, akamkumbusha kwamba Ijumaa ni siku ya Mtakatifu Valentaini, na kila ndege humchagua mwenzake. Tazama mama huyo alivyo mjuzi: hakusema njoo uoe mwanangu, alitaja ndege.

Margery naye akaandika barua mbili, zilizoandikwa kwa mkono wa karani wa baba yake, akimwita John Valentaini wake mpendwa. Anamweleza kwamba mama amejitahidi kumbembeleza baba aongeze mali, imeshindikana, na kama John anampenda kwa dhati hatamwacha kwa ajili hiyo. Anasema hana afya ya mwili wala ya moyo mpaka asikie habari zake. Anaomba pia barua isionwe na mtu mwingine yeyote, ombi ambalo limepuuzwa kwa zaidi ya miaka 500, kwa sababu iko London, katika Maktaba ya Uingereza, na kila mtu anaisoma. Ndiyo barua ya kale zaidi ya Kiingereza inayojulikana kutumia neno hilo kwa mpenzi. Walioana mwaka ule ule.

Zawadi je? Zilikuja na mchezo wa bahati. Kufika karne ya 17, Waingereza walikuwa wakichota majina, au wakishika kwamba mtu wa kwanza wa jinsia nyingine umwonaye asubuhi ya 14 Februari ndiye Valentaini wako. Samuel Pepys, karani mkubwa wa jeshi la majini London, aliandika shajara yake ya kila siku tangu 1660 hadi 1669, na humo tunaona jinsi mchezo ulivyokuwa. Asubuhi ya mwaka 1662 mkewe alifunika macho kwa viganja ili asiwaone mafundi waliokuwa wakipaka dhahabu sehemu ya moto sebuleni, asije akapata fundi kuwa Valentaini wake. Mwaka 1661 Pepys mwenyewe alimnunulia binti wa jirani glavu, jozi moja ya kutariziwa na sita za kawaida. Haikuwa siri wala ugoni. Wake na waume walijua, na zawadi ilikuwa deni la heshima. Kisha mwaka 1667 akaangukia kuwa Valentaini wa mke wake mwenyewe, akaandika kwamba itamgharimu pauni 5. Zilikuwa hela nyingi wakati ule. Ndugu zangu mnaolalamika kila Februari, malalamiko yenu yana zaidi ya miaka 350.

Kilichoipeleka sikukuu kwa kila mtu ni posta. Kabla ya 1840 barua za Uingereza zilitozwa kwa umbali, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Piga picha: unamwandikia binti kwamba unakufa kwa ajili yake, halafu mtu wa posta anamtoza yeye gharama ya kifo chako. Mwaka 1840 ikaja bei moja ya peni, inayolipwa na mtumaji kwa stempu, na kadi za Februari zikafurika. Mnatambua jambo hili. Ndiyo tofauti kati ya anayekutumia elfu ishirini kwenye simu na anayekutumia elfu ishirini na ya kutolea. Huyo wa pili kaelewa mageuzi ya posta ya 1840.

Na kwa kuwa kadi iliweza kutumwa bila jina, kukawa na za matusi. Siku hizi huitwa Valentaini za siki: picha ya kuchekesha na beti za kumsimanga mlevi, mbahili, mwanamke anayejipamba kuzidi umri. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa. Ni mipasho, imetiwa stempu.

Baada ya hapo ni biashara, nami sitakaa sana hapo kwa sababu biashara ni biashara. Marekani, Esther Howland wa Worcester, Massachusetts, aliyemaliza masomo mwaka 1847, aliona kadi ya Kiingereza yenye lasi, akaanza kutengeneza za kwake. Aliajiri wanawake wakakaa mezani kwa zamu ya kazi, mmoja anakata, mwingine anabandika, na mwingine anamalizia. Miaka ya 1860 Richard Cadbury akauza chokoleti kwenye makasha yaliyopambwa, yakiwemo ya umbo la moyo, na chokoleti zikiisha kasha likatunza barua. Japani wao wamegeuza: 14 Februari wanawake ndio huwapa wanaume chokoleti, hata wafanyakazi wenzao kwa ajili ya wajibu tu, na tarehe 14 Machi wanaume hulipa. Brazili wamehama mwezi kabisa: wapendanao wao wana 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antonio, desturi iliyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa tangazo la duka la São Paulo, kwa kuwa Juni mauzo yalikuwa yamelala. Wafini wameifanya siku ya marafiki.

Waridi lenyewe lina safari ya kuchekesha. Februari Ulaya ni baridi, waridi halistawi huko bila nyumba ya kioo yenye joto. Kwa hiyo mengi yanayouzwa kule siku hiyo yamekuzwa Afrika Mashariki, Naivasha nchini Kenya hasa, na kwetu upande wa Arusha, ambako jua ni la ikweta na usiku ni wa baridi. Yanapanda ndege mpaka Uholanzi, kwenye mnada mkubwa wa Aalsmeer, kisha yanasambaa. Waridi halisi linaondoka, la plastiki linapita Ngamiani kwenye ndoo.

Na kuna ua jingine, ambalo wengi wetu hatulijui ingawa ni la nyumbani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetawala wilaya ya Tanga, aliokota katika milima ya Usambara mmea mdogo wenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau. Alimpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaupa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo Wazungu huuita urujuani wa Afrika, na upo kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, ukiwa miongoni mwa maua ya ndani yanayopendwa sana kupeanwa. Ua la mkoa wetu limekuwa zawadi ya dunia kwa jina la Mjerumani, nasi tunanunua plastiki. Hili liliniuma kuliko habari zote za padri.

Lakini pia sisi hatukuwa tumekaa mikono mitupu tukingoja Februari. Bara wanatutania kwamba mapenzi yalizaliwa Tanga, na lugha ya zawadi ya pwani ilikuwepo kitambo. Kikuba hakitolewi na maelezo. Mwanamke akikichomeka kifuani jioni, mumewe anaelewa. Mume akirudi na shada la asmini amelifunga kwenye jani la mgomba, mke naye anaelewa, na watoto wanatumwa mapema kulala kwa bibi. Udi unafukizwa kanga, si sebule tu.

Na kanga ndiyo kadi yetu. Ina pindo, ina mji, ina jina, yale maneno yaliyopigwa chini ya mji. Kaderdina Hajee Essak alifungua duka lake Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zenye alama ya Mali ya Abdulla zikavaliwa pwani nzima. Zamani majina yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi. Anayetoa kanga anatoa maneno. "Japo sipati tamaa sikati" imefanya kazi ya barua nyingi ambazo waandishi wake hawakuwa na ujasiri wa kuziandika.

Tofauti yake na kadi ya posta ni kwamba kanga huvaliwa hadharani. Kadi inasomwa na mmoja kisha inafichwa chini ya godoro. Kanga inakwenda sokoni, inakwenda shughulini, mtaa mzima unasoma alichoambiwa mwenyewe. Kwa hiyo jina halichaguliwi kwa pupa. Nalijua hili kwa kuungua. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilitaka kufanya Valentaini ya kipwani, nikaingia dukani, nikaona doti nyekundu yenye mauamaua, rangi yenyewe ya siku, nikalipa bila kuifungua. Mke wangu alipoikunjua kitandani ilikuwa imeandikwa: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." Alicheka mpaka akakaa chini, ila kanga yenyewe hakuwahi kuivaa, na mpaka leo tukigombana huitaja kwa jina.

Nilimweleza shangazi haya yote kwa vipande, jioni tatu au nne, yeye akitunga. Padri wa Roma alimhurumia. Mbuzi aliona ni upuuzi wa wanaume. Tai alimrudia mara kwa mara: alitaka kujua kama mwaka ulipokwisha alichagua yupi, na nilipomwambia mshairi hakusema, aliona mshairi kafanya makusudi.

Jioni ya tarehe 14 yenyewe, asmini zikiwa zimeanza kufunguka kwenye sinia, alikuja kijana, shati limepigwa pasi, mkononi ana lile waridi la plastiki. Akasalimia vizuri. Akauliza kama bibi anaweza kumfungia asmini kidogo pale shingoni mwa ua, lipate harufu, kwa kuwa mwenyewe atakayepewa alikwisha kulinusa la mwenzake jana, akalicheka.

Shangazi akalitoa nailoni, akaliweka magotini, akalizungushia uzi wa asmini mara tatu, akachomeka jani moja la mrehani. Akakaza fundo kwa meno.

"Umeshamposa?"

"Bado, bibi. Kasema nimpe muda."

Shangazi akanitazama mimi, si yeye. Kisha akamkabidhi ua lake, akamtoza mia tano.